Deni la Nyonga

Toru alinirushia teke alfajiri,
ndoo ya maziwa haijafika nusu.
Maumivu yalichelewa. Mlio ndio uliotangulia,
kama barafu ya Songkol inapoachana mwezi wa Mei.

Nilipopenga kamasi, shavu likajaa hewa,
ngozi ikaalika chini ya kidole.
Kesho yake jicho limedidimia,
na kila kitu kina pacha:
milima miwili, Toktosun wawili,
waume wote wawili wakiuliza chai iko wapi.
Farasi wawili malishoni,
nami sijui nimchukie yupi.

Safari ya Bishkek, kutwa nzima, kichwa dirishani.

Daktari Nurzada ana mikono midogo, ya mfuma mazulia.
Akaining'iniza picha mbele ya taa.
"Hiki ni chumba cha hewa," akasema, "ndani ya shavu.
Sisi twakiita sainasi.
Dari yake ndiyo sakafu ya jicho.
Dari limebomoka, mama;
jicho limeangukia ghorofa ya chini."

Nikauliza, mtaliezeka kwa nini?
"Kwa mfupa."
Wa nani?
"Wako. Tutaukopa nyongani."

Nyonga hii, iliyoeleka watoto watano
na kumbukumbu ya wa sita!
Wakachonga humo kipande, ukucha wa gumba hivi,
wakakipitisha nyuma ya kope la chini,
wakakilaza pale palipokuwa na shimo.
Mimi nimelala fofofo,
najikopesha bila kuweka sahihi.

Majuma sita: usipenge kamasi.
Usipande farasi.
Ukipiga chafya, achama.
Nimepiga chafya kama ng'ombe
mbele ya wakwe waliokuja kunipa pole.

Sasa mlima ni mmoja. Mume ni mmoja, yatosha.
Shavu la kushoto lingali na ganzi;
chozi likishuka upande huo
silijui mpaka lifike mdomoni, chumvi.
Na nikipanda mteremko kinachouma ni nyonga,
nyonga ambayo haikuguswa na kwato.
Ndivyo alivyo mkopeshaji:
hasahau.

Toru bado namkama.
Naegemeza paji la uso ubavuni mwake,
penye joto, panaponuka jasho na majani.
Yeye anamtazama mwanawe.
Mimi, kwa macho yote mawili,
natazama mguu.