Zoezi la Jumapili

Baada ya chai nimepiga sufuria kwa mwiko:
mto umeingia!
Nafula akachukua vyeti, vimefungwa ndani ya mfuko wa unga.
Wekesa akambeba mdogo wake mgongoni,
akasahau viatu.
Tukaanza upya.

Mtungi wa gesi unabaki. Godoro linabaki.
Redio inabaki. Hasa redio.
Njia ni ile ya nyuma ya kinyozi,
si darajani; daraja liliondoka Aprili ile
pamoja na nusu ya choo cha kina Mutheu.
Tunakutana kwenye ngazi za shule, ya tatu kutoka juu.
Asiyemwona mwenzake asirudi kumtafuta.
Hilo nimelisema mara mbili
nikiitazama sufuria.

Jua linawaka Mukuru nzima. Majirani wanatucheka:
"Mama Nafula, wingu umeliona wapi?"
Mto wenyewe umelala pale chini, mwembamba, unanuka,
kama mlevi asiyekumbuka alichofanya jana.

Nimeshaanika nguo, nimeshabandika maharagwe.
Mdogo hajui kwamba zoezi limekwisha.
Bado amekaa kwenye ngazi, ile ya tatu,
anatuhesabu kwa vidole.
"Bado mmoja," anasema,
na hataki kushuka.