Mtoto wa Meza

Kitanda tumekilipia tangu Mei.
Kiko dukani kwa don Leiser, mtaa wa pili,
kimefunikwa shuka, kimebandikwa karatasi
yenye jina la Naum,
si la yule ambaye hatujampa jina.
Kila nikienda kununua mkate napunguza mwendo.
Don Leiser hunikonyeza nyuma ya kioo:
bado kipo, bibie, hakuna aliyekigusa.

Nyumbani hamna kitu.
Ukiingia leo hutajua kwamba humu anangojwa mtu.
Hakuna nepi, hakuna chupa, hakuna hata soksi
ya ukubwa wa kidole gumba.
Bibi Jaique ndiye aliyekataza.
Kijicho hakilali, anasema,
kikiona fulana ndogo imeanikwa kambani
kinajua mlango wa kubisha.
Mama yake alikatazwa hivyo, kule kwao kwenye theluji,
na mama wa mama yake. Nani mimi,
mwana wa Buenos Aires, mwenye simu mkononi
na picha ya mtu anayenyonya kidole gizani,
niwatukane wakunga na uzazi ungalipo?

Basi najiandaa kwa kutojiandaa.
Nimesugua sakafu mara tatu wiki hii.
Nimepanga makopo ya viungo, nikayapangua.
Nimemvuta mtoto wa meza, nikampangusa kwa siki,
nikamrudisha mtupu, nikamvuta tena
kuhakikisha bado ni mtupu.
Naum, fundi vitasa, mtu wa maneno machache,
anaipima kwa macho kona ya dirishani.
Hashiki futikamba. Anasimama tu,
mikono ameiachanisha upana wa kitanda,
kama aliyebeba kioo kisichoonekana.

Julai. Miti ya barabarani imebaki mifupa.
Tumbo limeshuka. Jirani wa chini kaniambia
natembea kama kabati linaloteremshwa ngazi.
Usiku ananipiga teke ubavu wa kulia,
pale pale, kama mgeni aliyeelekezwa nyumba,
nami namjibu kwa vidole viwili:
subiri. Au usisubiri. Sijui nikwambie nini.
Nakuogopa, wewe mdogo.
Hilo sijamwambia mtu.

Jumapili mchana, maumivu ya kwanza, mepesi,
kama mtu anayejaribu ufunguo usio wake.
Redioni timu ya mtaa imefungwa mbili kwa bila.
Bibi akaizima. Tufungue, akasema,
akaondoka na mkongojo wake chumba kwa chumba:
dirisha la jikoni, baridi na iingie,
makabati, mkebe wa biskuti, kasha la sindano,
kamba za viatu vya Naum vikiwa miguuni,
nywele zangu.
Kumbe kujifungua huanza na vitu vingine vyote.
Naum akamwaga mezani makufuli ya kazini,
ishirini na ushei, akayafungua moja moja.
Moja likamkatalia, la mteja, la kutu,
akatokwa jasho nalo kuliko mimi.

Nikaifikia meza ya kando ya kitanda cha Bibi.
"Huyo mwache."
"Umesema vyote."
"Huyo mwache, Débora."
Nikamvuta.
Ndani, chini ya vitambaa vya Ijumaa jioni,
sweta ya manjano, upana wa kiganja changu,
mikono miwili, shingo, vifungo vitatu.
Cha nne hakipo. Uzi unaning'inia.
Bibi akageukia dirishani kama aliyeitwa.
"Haijaisha," akasema. "Kisichoisha hakihesabiwi.
Kijicho nacho kinajua hesabu."

Ufunguo ukarudi, safari hii ukazunguka.
Nilishika ukingo wa meza mpaka ulipopita.
Nikamwacha mtoto wa meza wazi, ulimi nje.

Teksi inapiga honi. Naum anashuka mbele yangu,
kamba za viatu zikiburuta kila ngazi,
kufuli la kutu amelisahau mkononi.
"Nipitie kwa don Leiser?" anauliza. "Nimwambie?"
"Bado!" tukamjibu, mimi chini na Bibi juu,
kwa sauti moja, tukimfokea.