Sekunde Kumi na Moja

Saa kumi kasoro robo, Bausher imelala,
viyoyozi tu vinakoroma juu ya madari.
Najaza chupa mbili, moja maji matupu,
moja ya chumvi na ndimu,
naminya matairi kwa kidole gumba
kama mama anavyominya mapapai,
halafu naitoa baiskeli bila kuwasha taa
ili asiamke.
Ameshaamka.
"Unakimbizwa na nani?" anauliza dirishani,
Kiswahili chake kingali cha Wete
baada ya miaka arubaini na mitano ya maji ya Maskati.

Sina jibu. Nina mlima.

Barabara ya Amerat inapanda bila adabu,
haipigi hodi, haikupi pa kupumulia;
inasimama mbele yako kama karani wa benki
aliyekwisha kusema hapana.
Novemba, mara ya kwanza, nilishuka nikasukuma.
Dereva wa lori la kokoto akapiga honi, akacheka,
akanirushia ndizi.
Nikaila. Njaa haina kiburi.

Anayenifundisha ni Ghaniya,
kazi yake hospitalini kupiga picha za mifupa.
Husimama kileleni na saa mkononi,
kokwa ya tende shavuni.
Dakika nne choma, anasema, dakika nne poa.
Choma tena. Mara tano.
Ya nne ni mwalimu. Ya tano ni mwizi:
inaingia kifuani, inakomba kila kitu,
inaacha mlango wazi.

Nilidhani kasi ni kukanyaga kwa hasira.
Nikakanyaga wiki sita mfululizo, hata Ijumaa,
mpaka goti likaanza kunung'unika ngazini
na saa ikazidi kunisuta.
Ghaniya akaja na spana, akazifungua pedali,
akazitia mkobani, akaenda nazo kwake siku tatu.
"Mguu haukui ukiwa kazini," alisema.
"Unakua umelala."
Nikachambua mchele. Nikakunja nguo zilizokwisha kunjwa.

Ziliporudi, nikajifunza kwenda polepole,
jambo gumu kuliko mlima:
kupitwa na kijana wa Kibangali apelekaye mikate,
kumwitikia salamu,
na kutomfuata.

Leo ni Machi, joto limeanza kunoa visu.
Chini ya kona ya tatu mbuzi wawili
wanajadiliana katikati ya njia;
napita kati yao, sina muda wa kusuluhisha.
Jasho linaingia machoni, linajua njia.
Mwamba mwekundu, mwamba mweusi,
nguzo ya taa,
nguzo ya taa,
kisha ya tano, mwizi yule, anaanza kupekua.
Safari hii nimemficha kitu.
Kidogo tu, cha chini ya ulimi.
Nakitoa.

Ghaniya anatema kokwa, ananigeuzia saa.
Sekunde kumi na moja.
Miezi minne, na chumo ndilo hilo:
muda wa maziwa kufura na kumwagika,
muda wa mtu kutafuta ufunguo
alioushika.

Nyumbani mama anamimina chai, haulizi tena.
Namjibu hivyo hivyo:
nakimbizwa na mwanamke wa Novemba,
anasukuma baiskeli, ndizi mdomoni.
Leo niligeuka nikamwona nyuma,
mbali kiasi cha kutoka hapa hadi kikombe hiki.

Mama anakitazama kikombe.
Anakisogeza mbele kidogo.
"Basi kesho," anasema, "mwache hapa."