Kifuu Dirishani

Punda wa Shee Lali alibeba mchanga wa kujengea,
mimi nilibeba mikate ya mofa na haraka yangu;
kichochoro hakikututosha sote.
Punda hakuteleza. Nilivunjika mimi.

"Wiki sita usikanyage chini," akasema daktari,
akaupaka mguu wangu chokaa
kama fundi anayekarabati ukuta wa Mkomani.

Basi nikapandishwa ghorofani, nikawekwa
kwenye kiti ambacho siku zote hukaliwa na nguo zisizokunjwa.
Famau, mtoto wa kaka yangu,
ana miaka tisa na misumari mfukoni,
akatoboa kifuu matundu matatu,
akakining'iniza nje ya dirisha kwa uzi wa mshipi.
"Usikae peke yako, shangazi."

Siku ya kwanza, hakuna.
Siku ya pili, sisimizi.
Siku ya tatu shomoro mmoja, dume,
kidevu cheusi kama aliyelamba wino,
akatua ukingoni, akanitazama kwa jicho la kushoto,
kisha la kulia,
kama sonara anayeishuku pete yangu.
Akadonoa punje moja ya mtama. Akaenda kusema.

Kesho yake walikuja kumi na mmoja.

Kwera walikula huku wakigombana,
kila mmoja wakili wa nafsi yake.
Tetere, kwa uzito wake, hakuthubutu kutua kifuuni;
alingoja ukutani kwa kile kinachodondoka,
shingo ikiitikia ndiyo, ndiyo,
maneno ambayo hakuna aliyeyasema.
Chozi hakutaka nafaka.
Alitia mdomo wake uliopinda katika ua la mkomamanga,
akawaka kijani, akazima.
Nikamtegea maji ya sukari kwenye kizibo cha soda.
Hata hakukitazama.
Kuna wageni hawalishwi.

Na kunguru, yeye alikuja adhuhuri, watu wamelala.
Hakurukia. Alisimama juu ya boriti akalisoma fundo,
akavuta uzi kwa mdomo, akaubana kwa ukucha,
akavuta tena, akabana,
kifuu kikapanda kama ndoo kutoka kisimani
mpaka mtama wote ukawa wake.
Ilinipasa kupiga kelele.
Nilipiga makofi.

Mwanamkuu wa ng'ambo ya kichochoro
(dirisha lake na langu hupeana chumvi
pasi na mtu kushuka ngazi)
akatoa kichwa: "Mtele mwawapa nyuni!
Na bei yake dukani mwaiyua?"
Nikamwambia ni mtama. Akasema ni mamoya,
na mavi yao kwenye leso zake si mtama.
Jioni nikauona mkono wake, bangili mbili,
ukikung'uta ukoko wa wali kwenye kizingiti cha dirisha.
Sikusema kitu.
Tetere ndio waliosema ndiyo.

Usiku mguu uliniwasha ndani ya chokaa,
pasipofika kucha wala kijiti cha ufagio,
nikawaza: huko nje wao wanaona nini?
Ukuta, kifuu, na kitu kinene chenye leso
kisichokwenda popote.

Wiki ya sita chokaa ikapasuliwa kwa msumeno.
Mguu ukatoka mwembamba, mweupe magamba,
mguu wa mtu niliyewahi kumsikia tu.
Famau akanipa bega tushuke.
Ngoja, nikamwambia, kwanza niwaonyeshe.

Nikasimama dirishani kwa miguu yangu miwili,
konzi ya mtama mkononi,
nikitabasamu kama bibi harusi.

Wakaruka wote.
Shomoro, kwera, hata tetere yule mzito,
mpaka kwa Mwanamkuu palibaki ukoko mtupu.
Kifuu kikawa kinayumba peke yake.

Walinizoea nimeketi.
Huyu mrefu hawakumjua.

Nikavuta kile kiti, nikaondoa nguo
zilizokwisha kurudi juu yake, nikakaa.
Famau akauliza kama mguu unaniuma.
Nikamwashiria anyamaze.