Jirani wa Juu

Mwaka wa tisa huu nashona chini ya nyayo zake.
Majumba ya Michenzani: ghorofa ya tatu mie na cherehani,
ya nne Nadhra Suwedi na piano lake,
lililopandishwa ngazi kwa ngazi na wachukuzi wanane,
mmoja akaapa hatobeba tena hata kapu la muhogo.

Mwanzo nilidhani juu kuna mgonjwa.
Sauti moja. Kimya. Sauti ileile. Kimya.
Kisha tatu kwa pamoja, zikigombana
kama wake wenza kwenye bomba moja.
Nikagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Naye, wallahi, akanijibu kwa mkono wa kushoto,
pigo kwa pigo,
akaongeza moja nisilogonga.

Wakija wageni wake nasikia kila kitu.
Maji jumba hili hayapandi, ila maneno yanateremka.
Mpiga kanuni wa klabu: "Kanuni umeipeleka Ulaya,
imerudi haijui hata kuamkia."
Kijana wa saksafoni kutoka Dar:
"Jazi gani hii isiyotikisa shingo?"
Mwalimu aliyesomea Leipzig akahesabu kurasa,
akasema sonata haikai namna hii,
imekaa kitako kama mtu anayemenya mbatata.
Nadhra akawapakulia urojo.
"Ukwaju wa nani? Bajia za nani? Mbona hapa hamuulizi?"
Wakacheka, wakaramba vijiko.

Mie jibu lile halikunikaa moyoni.
Urojo ukishachanganyika hauna ugomvi,
na sauti zake nazisikia usiku:
zinalala kitanda kimoja zimepeana migongo,
alfajiri moja inamfunika mwenziwe shuka.

Siku moja kateremka na gauni lililoachia kwapa.
"Bi Raya, cherehani yako inakwenda saba."
"Inakwenda saba wapi?"
"Unakanyaga mara sita. Ya saba unaiacha tupu."
Nikamwambia kwapa elfu tatu, Ijumaa aje achukue.

Rahaleo, ukumbi umejaa,
mapangaboi mawili kati ya sita ndiyo yanayozunguka.
Fidla nne, saksafoni, kanuni,
na Ussi wa kidumbaki na sanduku lake la kamba moja,
kakaa bega kwa bega na selo ya watu
iliyokuja kwa ndege na tiketi yake yenyewe.
Kipande cha tatu, karatasi imeandika: Pindo.
Wote wakanyamaza. Likabaki sanduku na mkwasa,

moja mbili tatu nne tano sita
na
moja mbili tatu nne tano sita
na

Mguu wangu ukaanza wenyewe chini ya kiti.
Hapo ndipo nilipojua pale patupu pana nini.
Nikigeuza pindo huinua uso, hutazama mlango.
Tangu Mcha aende Maskati
na begi nililomshonea kwa mkono wangu, huutazama.
Hata si kumngoja. Shingo tu imezoea.
Sijapata kumwambia mtu; mie mwenyewe nilikuwa sijui.
Mwanamke yule kalisikia kupitia zege,
kaliandika kwa wino,
kawapa watu wanne wenye fidla walizunguke
wasiliguse.
Saksafoni ikalisogelea, ikarudi nyuma.
Kanuni ikatoa ile sauti nyembamba
ambayo piano halina jino lake.
Nikajipepea kwa karatasi ya onyesho
mpaka ikachanika.

Elfu tatu sikumdai.
Uzi, ndiyo, uzi bado namdai.

Leo asubuhi nimekaa, mguu umesahau kuhesabu.
Nakanyaga tano, nakanyaga nane, sindano imekatika.
Juu, sauti moja. Kimya.
Sauti ileile.
Ananingoja nianze.