Koti la Ukungu

Alipozama Ziwa Ngozi, toleo la thelathini na saba,
koti likabaki linaelea, kijivu juu ya kijani.
Pale saluni, Sokomatola,
Ambakisye akazima mashine,
mteja kichwa nusu,
akauliza: "Ukurasa wa mwisho umechanika,
au ndiyo mwisho?"
Ndiyo ulikuwa mwisho.

Ukungu wetu! Aliyeshuka Loleza alfajiri
kabla kina mama wa maziwa hawajawasha tochi,
asiye na bunduki, asiye na mke,
koti lake halikuwahi kuwa na kifungo cha pili
na mchoraji hakuthubutu kumshonea.
Lori la makaa lilipokatika breki Iwambi
alilizuia kwa kiganja kimoja, cha kushoto;
cha kulia kilishika kikombe cha chai.
Chai haikumwagika.

Miezi minane, kimya. Kisha Julai,
baridi ya kupasua midomo, likaja toleo jipya:
koti lile lile, ndani yake msichana.
Tusekile, fundi pancha wa Uyole.
Mikono ya koti kaikunja mara tatu
na bado inameza vidole.

Tulicheka. Nisikufiche, mimi nilicheka zaidi.
Nikasema: pengo la jino waweza kulitia dhahabu,
ulimi utakwenda pale pale kila usiku
kuuliza mwenyewe yuko wapi.
Ambakisye akaapa hanunui tena.
Akanunua. Akalificha chini ya taulo.

Nililisoma nimesimama, kwa hasira,
ili tu niseme nimelisoma.
Ukurasa wa kumi na moja: Iwambi tena,
lori tena, safari hii la viazi,
linapanda, gia imekataa, linarudi kinyumenyume.
Nikangoja kiganja.
Binti hakunyoosha kiganja.
Alikimbia na jiwe tumboni
akalisukumiza nyuma ya tairi.
Likasagika. Akaleta la pili.
La tatu likamvunja kidole.
Kwenye la nne lori likasimama,
naye akaketi katikati ya lami, akalia.
Hapakuwa na chai.

Miaka sita nilikuwa tandiboi, Mbeya na Tunduma.
Jiwe nililijua kuliko mto wa kulalia.
Hiki kidole changu cha shahada
hakijanyooka hadi leo,
na hakuna aliyewahi kukichora.

Mpwa wangu Lusajo ana miaka minane.
Nikampa lile la thelathini na saba,
kurasa zimelegea kama mkate kwenye uji.
Akatazama ziwa. Akatazama koti.
"Mjomba, huyu mzee
kwa nini alivaa koti la Tusekile?"

Nikafungua mdomo.
Ulimi ukaenda penye pengo, ukarudi.
"Alikuwa anamtunzia," nikasema.
Nusu ni uongo. Nusu nyingine sijui.

Usiku, wote wamelala,
nikalisogeza lile jipya karibu na taa.
Nilitafuta kifungo cha pili.
Hakipo.