Ulimi wa Nondo

Alifika Matamba juu ya lori la pareto,
Bibi Fedasen, na hadubini ndani ya blanketi
kama kichanga kisichotakiwa kupigwa na upepo.
Mwaka ule mvua haikujua kuacha.
Viazi vilikuwa vinaozea ardhini, naye akauliza,
kwa Kiswahili cha kamusi, kilichonyooka kama rula:
"Je, ni nani alalaye na ua hili usiku?"
Wazee wa kanisa wakatazamana.
Baba yangu, Obadia Luvanda, alicheka mpaka akakaa chini.
Ndivyo alivyopata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kungoja.
Kule juu Kitulo, kwenye nyasi zisizojua mti,
mwavuli mweusi, kandili iliyovishwa kitambaa chekundu,
mablanketi matatu, chupa ya chai,
na ua jeupe lenye mkia mrefu mgongoni,
mrija mwembamba, asali chini kabisa,
tone moja, kama akiba ya mchoyo.
Mchana ua lile halinuki kitu.
Saa mbili usiku harufu inatoka, inatembea.
"Hapikwi chakula hivi," Bibi alinong'ona, "kama hakuna mgeni."

Watu walisema anafuga majini.
Wengine: dhahabu, Mjerumani haji bure.
Mama alisema, ananigandishia mume,
ila karo yangu ililipwa.

Usiku wa arobaini na moja Bibi alishikwa na homa,
akabaki misheni anakohoa.
Baba akapanda peke yake.
Na usiku huohuo.
Nondo wa kijivu, mzito, mpana kama jani la mharagwe,
akasimama hewani mbele ya ua bila kutua,
akakunjua ulimi.
Ulikunjuka, baba alisema, ukazidi kukunjuka,
kama mtu anayeshusha kamba
kwenye kisima cha watu wengine.
Alipojitoa alikuwa na chavua mbili za manjano machoni,
bwana harusi na miwani yake.

Baba hakujua kuchora.
Alichomoa uzi kwenye blanketi,
akapiga fundo pale ulimi ulipoishia, kwa kukadiria.
Asubuhi akauweka kwenye kiganja cha mgonjwa.
Bibi aliushika muda mrefu. Kisha akaandika daftarini:
saa nne na dakika arobaini, O.L. ameona.

Wiki iliyofuata akarudi kule juu. Usiku kumi na tisa tena.
"Sikukatai, Obadia. Lakini macho mawili hayatoshi."
"Wewe na miwani yako unayo manne," baba akamwambia,
"mimi nilikuwa wa nini?"
Hakujibu. Alimmiminia chai.

Akaondoka na visanduku kumi na viwili.
Zikaja barua, halafu kadi za Krismasi, halafu kimya.
Kitabu alichoandika sijakiona.
Sijui kama zile herufi mbili zilivuka maji
au zilidondoka njiani kama sahani ya uchumba.
Uzi ulibaki kwetu, ndani ya kitabu cha nyimbo,
kwenye kurasa za mazishi. Tulipomzika baba
uliangukia miguuni mwangu.

Siku hizi wanapanda na majembe.
Kiazi cha ua lile kinaliwa ng'ambo ya Tunduma,
chikanda, kimesagwa na karanga.
Gunia moja ni karo ya muhula.
Siwezi kuwalaani. Mimi pia nimesomeshwa na ua.

Machi iliyopita nilitembea saa tatu kulipata moja.
Nikapiga magoti kwenye umande,
nikalaza uzi kando ya ule mkia.
Fundo likashuka, likakaribia mwisho,
ikabaki nafasi ya punje ya ulezi.
Mzee alikadiria gizani, mikono inatetemeka kwa baridi.

Kijana mwenye jembe alikuwa amesimama nyuma yangu.
"Mama, unapima nini?"
"Ulimi."
"Wa nani?"
Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka Usangu.
Nikatazama saa, nikatazama shati lake jepesi.
"Una blanketi?" nikamuuliza.